Shajara ya mradi: rafu ya vitabu vya wapiga picha

11 Januari 2025: Kuweka mipaka

Lengo ni rafu moja, vitabu arobaini hivi, vya kutazamwa na kulinganishwa mezani. Kinachoingia ni kitabu kilichopangwa tangu mwanzo kiwe kitabu: picha zimechaguliwa, zimepewa mfuatano, na ukurasa wenyewe ni sehemu ya kazi. Katalogi za maonyesho, vitabu vya kufundishia kamera na mikusanyo ya "picha bora za mwaka" vimeachwa nje, hata vile vizuri.

Orodha ya kwanza ilipangwa kwa majina makubwa, ikatupwa. Orodha ya namna hiyo huzaa rafu ya vitabu visivyozungumza, na kila kimoja kiko kwenye bei yake ya juu kabisa kwa sababu kila mkusanyaji anakitafuta. Badala yake tumenunua kwa jozi. Hakuna kitabu kinachoingia bila mwenzake wa kulinganishwa naye: matoleo mawili ya kazi moja, au kazi moja iliyochapwa kwa njia mbili.

Jozi inayoeleza mradi mzima ni ya mpiga picha Robert Frank. *Les Américains* ilitolewa Paris na Delpire mwaka 1958, ikiwa na picha 83 na maandishi ya watu mbalimbali kuhusu Marekani yakielekeana na picha hizo. Mwaka 1959 Grove Press ya New York ikatoa *The Americans*: mfuatano ni ule ule, maandishi yameondolewa, ukurasa wa kushoto umeachwa karibu mtupu, na mbele kuna utangulizi wa mwandishi Jack Kerouac. Katika kitabu cha kwanza picha inasomeka kama kielelezo cha hoja ya mtu mwingine. Katika cha pili hoja ni picha yenyewe. Toleo la mchapishaji Steidl la 2008 likaongeza jambo la tatu, kwani baadhi ya picha zinaonyeshwa kwa upana kuliko zilivyokuwa zimekatwa awali. Matoleo ya miaka ya hamsini hayakamatiki kwa bajeti ya kawaida, lakini Steidl inapatikana, na picha za kurasa za Delpire zinatosha kuonyesha tofauti ya mpangilio.

Kanuni ya matumizi ikatoka hapo: toleo la kwanza linanunuliwa tu pale ambapo uchapaji wake hauonekani kwenye toleo lingine lolote. Vinginevyo tunachukua chapa ya baadaye iliyo safi.

2 Februari 2025: Kutambua toleo na chapa

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, kwa hiyo maelezo ni marefu.

Kwanza tutenganishe maneno. Toleo hubadilika pale maudhui au mpangilio unapobadilika. Chapa ni kurudisha mashine kazini kwa toleo lile lile. Muuzaji akiandika "toleo la kwanza" anaweza kuwa na chapa ya sita ya toleo hilo, na hajadanganya. Swali la kumuuliza ni moja: chapa ya ngapi? Halafu omba picha ya ukurasa wa haki za uchapishaji, nyuma ya ukurasa wa jina.

Kwenye ukurasa huo tafuta safu ya namba kama 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1. Namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa. Kama safu inaishia kwenye 4, unashika chapa ya nne. Safu ikiwa 1 3 5 7 9 10 8 6 4 2 usibabaike, kanuni ni ile ile. Mtego mmoja: kwa miaka mingi wachapishaji Random House waliandika "First Edition" pamoja na safu inayoishia kwenye 2, na hiyo ndiyo ilikuwa chapa yao ya kwanza. Mnunuzi asiyejua hilo hukikataa kitabu alichokuwa anakitafuta.

Wachapishaji wengi wa Ulaya na Japani hawana safu ya namba. Hapo tunategemea ushahidi wa pembeni. ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, ilianza mwaka 1970 ikiwa na tarakimu 10, na tarakimu 13 zikawa kanuni kuanzia Januari 2007. Kitabu kinachotajwa kuwa cha 1986 na ISBN ya tarakimu 13 imechapwa ndani yake si cha 1986. Msimbo wa mistari kwenye jalada la nyuma la kitabu kinachodaiwa kuwa cha miaka ya sitini nao umekwisha kujibu swali.

Jaketi, yaani lile karatasi la nje linaloondoka, lina ushahidi wake. Bei huchapwa kwenye kona ya mkunjo wa ndani. Kona ikiwa imekatwa kwa mkasi, kitabu huenda kilikuwa zawadi. Kama kona ni nzima na bei haikuchapwa kabisa, shuku toleo la klabu ya vitabu, lililotengenezwa kuuzwa kwa wanachama wake, ambalo mara nyingi lina karatasi nyepesi na jalada dogo kidogo. Jaketi la chapa ya kwanza pia huweza kuvalishwa kitabu cha chapa ya tatu, na ndoa hiyo haionekani kwenye picha ya tangazo. Pima kimo: jaketi lililozidi jalada au kulipungukia kwa milimita tatu lilitoka kwingine.

Kuna vitabu ambavyo namba za chapa ni sehemu ya hadithi yake. *Twentysix Gasoline Stations* ya Ed Ruscha ilitoka 1963 kwa nakala 400 zilizotiwa namba, ikarudiwa 1967 kwa nakala 500, na 1969 kwa nakala 3,000. Kwa kutazama, chapa ya tatu inafundisha karibu yote. Kwa mfuko, ni dunia nyingine.

9 Machi 2025: Kukagua kabla ya kulipa, na usafirishaji

Vitabu vya picha vina ugonjwa ambao riwaya hazina: watu hukata kurasa na kuzitia kwenye fremu. Kuhesabu picha hakutoshi kama hujui idadi kamili, kwa hiyo angalia mkunjo wa katikati, karatasi hadi karatasi. Karatasi iliyokatwa kwa wembe huacha ukingo mwembamba wa milimita mbili tatu uliosimama kando ya uzi. Katika kitabu kilichoshonwa kila karatasi ni nusu ya karatasi kubwa iliyokunjwa. Ukinyofoa nusu moja, mwenzake upande wa pili wa kitita (karatasi kadhaa zilizokunjwa na kushonwa pamoja) hulegea. Ukurasa unaochezacheza bila sababu ni dalili ya kutafuta uliotoweka.

Pili ni mshono. Chungulia kitabu kutoka juu, kikiwa kimefunguka kidogo. Vitita vinavyoonekana kama vijitabu vilivyopangwa safu vimeshonwa. Ukiona ukingo ulionyooka uliozama kwenye gundi, kitabu kimegandishwa. Gundi ya moto ya miaka ya sabini na themanini hukakamaa, na kufungua mara moja kwa nguvu kunakipasua mgongo kwa sauti. Hicho hatununui hata kikiwa rahisi, maana kitabu kisichofunguka vizuri hakitazamiki.

Tatu ni maji. Karatasi ya kung'aa imepakwa udongo mweupe, na ikilowa kisha ikakauka ikiwa imefungwa, kurasa hugandana kama tofali. Hakuna dawa ya nyumbani baada ya hapo. Muulize muuzaji afungue kitabu kizima mbele ya kamera. Mlio wa kunata, kama plasta inayobanduliwa, unamaliza mazungumzo.

Ufungashaji uliharibu zaidi ya ununuzi. Kona zilifika zimepondeka kwa sababu boksi lilikuwa saizi ya kitabu. Maelekezo tunayotuma sasa kwa kila muuzaji: karatasi safi kwanza, kisha mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha kitabu kibanwe kati ya vipande viwili vya kadibodi vilivyozidi kila upande kwa sentimita mbili, halafu boksi lenye nafasi ya sentimita tano kila upande, ikiwa imejazwa hadi kitabu kisicheze. Plastiki ya mapovu isigusane na jaketi la kung'aa: joto la safari likipanda, mapovu huacha alama za duara zisizofutika.

Gharama: kwa vitabu vizito usafirishaji ulikaribia bei ya kitabu, na mara kadhaa uliipita. Kununua viwili vitatu kwa muuzaji mmoja ndiko kulikoshusha.

19 Aprili 2025: Rafu

Rafu ya kwanza ilipinda. Ilikuwa ubao wa chembechembe wa milimita 18 wenye urefu wa sentimita 90 bila mhimili katikati, na kwa riwaya ungetosha.

Hesabu ifanyike kabla ya kununua mbao. Kitabu cha sentimita 30 kwa 25 chenye kurasa 200 kina karatasi 100. Karatasi ya gramu 170 kwa mita ya mraba inatoa gramu 12.75 kwa kila moja, yaani kilo 1.275, na jalada likiongezwa tunafika kilo 1.6 au 1.7. Unene wake ni sentimita 2.2 hivi. Mita moja inabeba vitabu 45, na uzito wake unapita kilo 70.

Suluhisho: plaiwudi ya milimita 25, umbali wa sentimita 60 kati ya mihimili, kina cha sentimita 35. Vitabu hadi sentimita 32 vinasimama wima, vikiwa vimegusana bila kubanana. Kidole kiweze kuingia kati ya viwili na kushika mgongo katikati. Kuvuta kwa kichwa cha mgongo ndiko kunakorarua jaketi. Vinavyozidi hapo vinalazwa, visizidi vitatu kwa rundo. *The Decisive Moment* ya Henri Cartier-Bresson, ya 1952, ina kimo cha sentimita 37 na mgongo dhaifu kwa ukubwa wake. Ikisimama, kurasa huning'inia zikivuta jalada kwa uzito wao wenyewe. Nakala ya kuigiza ya Steidl ya 2014 inalazwa vilevile.

Mbao mbichi na rangi ambayo haijakauka sawasawa hutoa mvuke wa asidi. Rafu ilikaa tupu, madirisha wazi, hadi harufu ikaisha.

1 Juni 2025: Unyevu na wadudu

Shabaha ni unyevu wa asilimia 40 hadi 55 usioyumba. Ukikaa juu ya 65, kuvu huanza.

Kipimaunyevu cha dijitali kilichonunuliwa kilisema uongo, na vingi vya bei nafuu ndivyo vilivyo. Kukipima: weka kijiko cha chumvi ya mezani kwenye kizibo, ongeza matone ya maji hadi iwe uji mzito bila maji ya kuelea juu, weka kizibo na kipimo ndani ya mfuko unaofungwa hewa isipite, acha usiku kucha. Hewa ya juu ya chumvi hiyo hutulia kwenye asilimia 75. Chetu kilisoma 68, kwa hiyo kila usomaji unaongezwa 7. Kabla ya hapo tulikuwa tunasoma 60 na kulala usingizi.

Vipakiti vya silika, zile chembe za kunyonya unyevu, vilivyotupwa rafuni havikufanya lolote. Silika hufanya kazi ndani ya boksi lililofungwa. Kwenye rafu ya wazi inajaribu kukausha chumba kizima. Kilichosaidia ni kusogeza rafu sentimita 10 kutoka ukuta wa nje, kutoboa nafasi ya hewa nyuma ya kila ubao, na kuweka feni ndogo ya mwendo wa chini isiyoelekezwa kwenye vitabu.

Kitabu kilichofika na vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyolamba gundi na karatasi kilikwenda kwenye friza. Mfuko wa plastiki mzito, hewa imekamuliwa, umefungwa barabara, nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, usifungue mfuko. Uache kwenye joto la chumba saa 24, maana ukifungua mapema umande utatua juu ya karatasi ya kung'aa na tumekwisha kusema maji yanafanya nini. Vitabu vyenye picha halisi zilizobandikwa ndani haviingii friza.

13 Julai 2025: Kuvalisha majaketi

Mifuko ya plastiki laini ya dukani ilikataliwa baada ya jaribio la waya. Chukua waya wa shaba, ukiushika kwa koleo, uchome hadi uwe mwekundu, gusa nao plastiki, urudishe kwenye moto. Moto ukigeuka kijani kibichi kuna klorini, yaani plastiki ni PVC, ambayo kadiri inavyozeeka hutoa asidi na mafuta yanayonata kwenye wino. Jaribio lifanyike nje, moshi wake ni mbaya.

Badala yake ni filamu ya poliesta ya maikroni 50. Ya maikroni 100 ilijaribiwa kwa kudhani nene ni bora. Haikunjiki sawasawa, inarudi kama springi, na ukingo wake ulikata mkunjo wa jaketi moja.

Hatua: kata kipande chenye kimo cha jaketi na sentimita 6 zaidi. Kunja sentimita 3 chini na 3 juu, ukikaza mikunjo kwa kijiti cha mfupa au mgongo wa kijiko, ili itokee mifereji miwili. Ingiza jaketi ndani ya mifereji, kunja masikio, lirudishe kwenye kitabu. Hakuna selotepu mahali popote, hata ile inayoitwa ya kudumu. Jaketi la kitabu cha sentimita 30 kwa 25 lina urefu wa sentimita 72 hivi ukikunjua, kwa hiyo kila kitabu hula sentimita 75 za filamu. Roli la mita 30 linamaliza vitabu arobaini bila ziada ya makosa, na makosa yapo, agiza zaidi.

24 Agosti 2025: Katalogi

Jedwali la kawaida la kompyuta limetosha. Safu zilizosaidia: mpiga picha, jina, mchapishaji, mwaka wa toleo, mwaka wa chapa, kiwanda kilichochapa (kikitajwa), njia ya uchapaji, kimo, kasoro, na "mwenzake". Safu ya nyota za ubora tuliifuta, kila kitabu kilikuwa na nyota nne.

5 Oktoba 2025: Kutazama

Taa kwanza. Balbu ya kawaida ya manjano inaficha tofauti ya weusi. Tumeweka taa mbili za kelvini 5000, yaani nyeupe karibu na mwanga wa mchana, zenye kipimo cha uaminifu wa rangi cha 90 na zaidi, kila moja ikimulika kwa pembe ya nyuzi 45, kung'aa kukaisha. Mikono imeoshwa na kukaushwa. Glavu ni za picha halisi, kwenye kurasa zinapunguza hisia ya vidole na kusababisha michaniko. Taulo mbili zilizokunjwa chini ya majalada huzuia kitabu kufunguka nyuzi 180.

Lenzi ya kukuza mara 10 ndiyo kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa kuliko vyote. Weka juu ya eneo la kijivu, si jeusi. Ofseti, uchapaji wa kawaida wa vitabu unaojenga picha kwa vitone, ikiwa ya wino mmoja inaonyesha vitone vyeusi vilivyopangwa kwa mistari. Ofseti ya rangi nne inaonyesha vitone vilivyojipanga kama maua madogo. Ofseti ya wino mbili au tatu, mweusi na kijivu, ina vitone vya vivuli tofauti vilivyopishana, na ndiyo huleta kina kwenye vitabu vizuri vya nyeusi na nyeupe vya leo. Fotogravuri, uchapaji ambao wino hutoka kwenye vishimo vya bamba la chuma, haina vitone vya namna hiyo. Wino umekaa kwa unene tofauti, kivuli kinashuka taratibu, na weusi ni wa mahameli, hauakisi taa. Cartier-Bresson wa 1952 alichapwa hivyo, na nakala ya 2014 ni ofseti. Ukizilinganisha utaona nakala ya kuigiza ina undani mwingi zaidi kwenye vivuli na bado si kitu kimoja: ile ya zamani inameza maelezo ili ipate uzito. Tunaipendelea ya zamani. Mwingine ataona kinyume.

Kupiga picha za kurasa kwa simu ili kulinganisha matoleo kulituharibia matokeo, kwa kuwa simu husawazisha mwanga kila fremu na matoleo mawili tofauti yakatoka sawa. Rekebisha kwa kufunga mwanga na rangi kwa mkono, na weka kadi ya kijivu kwenye kila fremu. Skana ya kulaza kitabu usitumie; inavunja mgongo.

Kuhusu mfuatano, njia iliyofaa ni kupita mara tatu. Mara ya kwanza haraka, bila kusoma neno. Mara ya pili polepole, ukiandika kwa kila kurasa mbili mambo matatu tu: mtu anatazama upande gani, mstari wa upeo uko wapi, na ukurasa gani umeachwa mtupu. Mara ya tatu kwa maandishi. *House of Bondage* ya mpiga picha Ernest Cole, kuhusu maisha ya watu weusi chini ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, inaonyesha faida yake. Ilitoka New York 1967, ikapigwa marufuku Afrika Kusini, na imegawanywa kwa sura: migodi, pasi (vitambulisho ambavyo watu weusi walilazimishwa kubeba), treni, shule na kadhalika. Ukipita bila kusoma unaona jinsi miili inavyozidi kusongamana kutoka fremu hadi fremu. Ukisoma maelezo kwanza, macho yanatafuta ushahidi wa maneno na kuacha hayo. Toleo la mchapishaji Aperture la 2022 lina sura ambayo haikuwamo 1967, inayohusu ubunifu na starehe za watu weusi, nayo inabadilisha mwisho wa kitabu. Kutazama jozi hii bila kujua lipi ni lipi ni kupoteza muda.

16 Novemba 2025: Vilivyotoka, vinavyosubiri

Vimeuzwa vitatu: chapa mbili za baadaye ambazo weusi wake umegeuka kijivu cha majivu (filamu za zamani za kuchapia zilirudishwa kiwandani bila kutengenezwa upya), na kimoja kilichogandishwa kwa gundi ambacho picha zake za kurasa mbili zilizama kwenye mgongo hadi nyuso zikapotea.

Jozi ya Ruscha bado ina mguu mmoja. Chapa ya 1969 tuliyoipata ina doa la kutu ya pini kwenye jalada, na ombi la kuona mgongo wake kwa mwanga wa pembeni limetumwa kwa muuzaji. Roli la pili la filamu limeagizwa. Kipimaunyevu kitarudishwa kwenye chumvi Januari, kwani vihisi vyake huyumba, na hiyo 7 ya kuongeza inaweza kuwa imeshabadilika.